Kuhamisha imeli za kampuni kutoka seva moja kwenda nyingine bila kupoteza kitu

Watu wengi wakisikia kuhamisha imeli wanawaza kukopi meseji tu, kumbe kukopi ndo sehemu rahisi kuliko zote, programu inaifanya yenyewe usiku we umelala. Kazi yenyewe iko kwenye vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kukuambia, yani aliasi (anwani ya pili inayopeleka barua kwenye boksi lingine) ya mhasibu aliyeacha kazi zamani ila bado inapokea ankara, skana ya koridoni inayotuma kwa paswadi ya mtu, fomu ya kwenye tovuti, na yule mzee mmoja anayetumia POP (nitaieleza chini). Kwa hiyo hayo ndo nitakaa nayo sana.

Anza na orodha. Ingia kwenye paneli ya seva ya zamani utoe akaunti zote na ukubwa wa kila moja, halafu chukua aliasi, fowadi, makundi ya aina ya info@ na mauzo@, filta, majibu ya otomatiki, na maboksi ambayo watu wawili watatu wanayafungua pamoja. Usitegemee orodha ya HR, ile ina watu wakati seva ina akaunti, na hizo mbili hazijawahi kulingana hata siku moja. Ukimaliza hapo fungua logi ya seva (faili linaloandika kila kinachopita) uangalie nani anatuma kupitia pale, na angalia logi ya mwezi mzima sio ya jana na leo, maana kuna vitu vinatuma mara moja tu kwa mwezi, mfumo wa mishahara ndo mfano mzuri, ukiusahau utakuja kuujua siku watu wanauliza hati zao za malipo ziko wapi.

Kwenye ile orodha ya ukubwa tafuta akaunti zinazotia shaka. Mtu yuko ofisini miaka kumi halafu boksi lake lina MB chache tu, huyo karibu hakika anatumia POP, yani Outlook inavuta meseji inaziweka kwenye kompyuta yake na kuzifuta kwenye seva. Ukikopi seva kwa seva hapo unakopi hewa. Barua zake zote ziko kwenye faili la PST ndani ya laptopu yake, na mara nyingi halina bakapu popote. Kaa naye mwenyewe, kwanza likopi hilo faili pembeni Outlook ikiwa imefungwa, halafu ongeza akaunti mpya kama IMAP (njia ambayo barua zinabaki kwenye seva) kwenye Outlook hiyohiyo, kisha buruta meseji kutoka folda za zamani kwenda mpya kidogokidogo, mia kadhaa kwa mara moja, ukiburuta elfu ishirini kwa mpigo Outlook itaganda na hutajua zipi zimefika zipi hazijafika.

Sasa DNS, lile daftari la mtandao linaloonyesha domeini yako iko kwenye seva gani. Kila rekodi ina TTL, ambayo ni muda ambao seva za wengine zinaruhusiwa kukumbuka jibu kabla ya kuuliza tena. Ikiwa 86400 maana yake ni sekunde za siku nzima, kwa hiyo ukibadilisha MX (rekodi inayosema barua za domeini ziende seva ipi) leo kuna watu wataendelea kutuma kwenye seva ya zamani mpaka kesho. Ishushe iwe 300, dakika 5 tu, na uishushe siku mbili kabla ya kuhama, maana hata hilo badiliko lenyewe linasubiri ile TTL ya zamani iishe kwanza. Wengi wanaishusha saa moja kabla wakidhani wamefanya kitu, hapo hawajafanya chochote.

Kabla ya kugusa MX tengeneza kwenye seva mpya akaunti zote NA aliasi zote. Hapa nisisitize kidogo. Seva mpya ikiwa imezimwa kabisa, anayekutumia hapotezi kitu, seva yake inaweka meseji foleni na kujaribu tena, kwa kawaida hadi siku 4 au 5. Ila seva mpya ikiwa hewani halafu haiijui ile anwani, inajibu kosa 550 (anwani haipo), hapo meseji inarudi kwa mtumaji papo hapo na hakuna wa kujaribu tena. Kwa hiyo seva isiyopatikana ina nafuu kuliko seva inayopatikana isiyo na aliasi ya ankara@, na mteja akishaona barua imerudishwa anaanza kujiuliza kama kampuni bado ipo.

Kwenye kukopi, kama pande zote mbili zina IMAP tumia programu ya imapsync, ni ya siku nyingi na inajua kazi. Amri yenyewe inakaa hivi:

imapsync --host1 zamani.example.com --user1 jina@example.com --passfile1 p1 --ssl1 --host2 mpya.example.com --user2 jina@example.com --passfile2 p2 --ssl2 --automap --dry

Hiyo --dry ya mwisho inamaanisha usifanye kitu, nionyeshe tu ungefanya nini. Soma inachosema, hasa majina ya folda, maana seva moja inaita Sent, nyingine Sent Items, nyingine INBOX.Sent, na usipokuwa makini mtu anajikuta na folda tatu za barua alizotuma halafu anakupigia simu kwamba barua zake zimepotea. --automap inajaribu kuzioanisha yenyewe, na mara nyingi inapatia. Ukiridhika toa --dry uiache ikimbie, akaunti yako mwenyewe ikiwa ya kwanza, halafu fungua uangalie tarehe za meseji za zamani, zikisoma zote leo simama hapohapo, usiendelee na wengine.

Habari ya paswadi: usizunguke ofisini ukikusanya paswadi za watu kwenye karatasi. Programu za seva ya imeli kama Dovecot na Zimbra zinakubali akaunti ya msimamizi iingie kwa niaba ya mtumiaji, tumia hiyo. Upande wa Google na Microsoft usishangae paswadi sahihi ikikataliwa, Microsoft walianza kuzima uingiaji wa paswadi peke yake kwenye Exchange Online Oktoba 2022, kwa hiyo unahitaji OAuth (kuingia kwa ruhusa maalum badala ya paswadi), au utumie zana ya kuhamishia iliyo ndani ya paneli yao ya msimamizi ambayo kwa kampuni ndogo inatosha kabisa.

Ukiwa unatoka Gmail kuna mambo mawili. Kwanza kasi, Gmail inaruhusu kupakua MB 2500 kwa siku kwa kila akaunti kupitia IMAP, hivyo boksi la GB 15 ni kama siku sita, usianze Ijumaa ukitegemea Jumatatu. Pili folda ya All Mail, ina kila meseji tena, kwa hiyo ukiikopi hovyo unapata kila kitu mara mbili, lakini ukiiruka kabisa unapoteza zile ambazo mtu alizi-archive bila lebo, maana hazipo kwingine. Njia nzuri ni kuiweka mwisho kwa --folderlast na kuambia programu iruke marudio kwa --skipcrossduplicates.

Na ukumbuke IMAP inabeba meseji tu. Kalenda itoke kama faili la ICS, anwani za watu kama VCF au CSV, filta na saini za chini ya barua watu watengeneze upya, hakuna namna.

Kopi ya kwanza ifanye kama wiki moja kabla watu wakiwa bado wanatumia seva ya zamani. Ile ya pili ni baada ya kubadili MX, inachukua tu zilizoingia katikati, kwa hiyo inaisha haraka. Na kwenye hiyo ya pili usiweke --delete2 hata ukiona mtu kaiandika kwenye mfano wake. Kazi yake ni kufuta upande mpya chochote ambacho upande wa zamani hakina, na kwa wakati huo vitu ambavyo upande wa zamani hauna ni barua zote mpya za wateja zilizoingia tangu ubadili MX.

Siku yenyewe, weka MX mpya na uiondoe ya zamani kabisa, usiiache na namba kubwa (kipaumbele cha chini) eti iwe akiba, kuna barua zitaingia huko na hakuna atakayezisoma. SPF (rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) iwe rekodi moja tu kwa domeini, zikiwa mbili zinazoanza na v=spf1 zote zinahesabika mbovu, kwa hiyo wakati wa mpito andika seva zote mbili ndani ya rekodi moja, ila chunga zisizidi lukapu 10, yani mara ambazo kuisoma rekodi kunalazimisha kuuliza DNS tena. DKIM (saini ya kidijitali inayothibitisha barua imetoka kwako) ya seva mpya ichapishe kwa selekta yake, yani jina la ufunguo wake, na ya zamani iache kwanza, kuna meseji bado ziko njiani. Kama DMARC yako (kanuni ya barua zisizopita SPF wala DKIM zifanywe nini) ni p=reject, yani zikataliwe, na DKIM mpya hujaijaribu, jaribu kwanza kwa domeini ndogo, au ishushe iwe p=none kwa siku hizo chache.

Halafu kuna mtego ambao unakula watu wengi sana. Tovuti ya kampuni mara nyingi inakaa kwenye mashine ileile iliyokuwa na imeli. Umebadili MX vizuri, dunia nzima inatuma kwenye seva mpya, ila fomu ya tovuti inatuma kwa info@ na ile mashine haiulizi DNS kabisa, inajiona bado ndo mwenye domeini, inaitupia meseji kwenye boksi la zamani ndani kwa ndani. Hakuna eroro popote, we unaona tu wateja wamepungua. Kwenye paneli ya cPanel nenda Email Routing ubadili kutoka Local iwe Remote, kwenye Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) ondoa domeini kwenye mydestination au virtual_mailbox_domains. Boksi la zamani litaendelea kufunguka kwa IMAP kama kawaida, kwa hiyo kopi yako ya pili haiathiriki. Kisha jaza fomu mwenyewe uone imefikia wapi.

Kwa watumiaji, kwenye Outlook tengeneza profaili mpya kuliko kurekebisha ya zamani, kurekebisha kunaonekana kufupisha kazi ila baadae unahangaika na eroro zisizoeleweka. Simu ndo wasumbufu, mtu anakwambia amebadilisha kumbe kabadili upande wa kupokea tu na bado anatuma kupitia seva ya zamani, barua alizotuma zinabaki huko. Printa na skana za zamani nyingine hazijui TLS 1.2 (usimbaji wa mawasiliano) kwa hiyo seva mpya itazikataa hata ukiweka bandari 587 ya kutuma barua na paswadi sahihi, hizo zielekeze kwenye rilei ndogo (seva ya kupokezana barua) ya ndani ya ofisi, na rilei ndo iongee na seva mpya.

Seva ya zamani usiizime wiki hiyohiyo. Iache mwezi mzima, upite mwisho wa mwezi mmoja angalau, na kila siku chache angalia logi nani bado anaingia au kutuma pale. Kila jina utakaloliona ni kifaa ulichokisahau, kakirekebishe. Logi ikikaa kimya kopi mara ya mwisho, hifadhi maboksi yote kama faili sehemu ambayo sio ile seva, jaribu kufungua moja ya hizo faili, na ndo uandike kwa mwenye hosti kwamba mkataba usihuishwe.