Namna ya kukadiria umbali na muda wa ndege kutoka Unguja hadi Pemba

Jamaa wa Wete anayekwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege huwa na swali moja tu: nifike saa ngapi? Kumjibu kwamba ndege ni "nusu saa hivi" hakumtoshi, na jibu bora linapatikana kwa kalamu na karatasi.

Kwanza hakikisha uwanja wenyewe. Ukiandika "Pemba" peke yake katika programu ya kupimia umbali, huenda ukaletewa mji wa Pemba wa Msumbiji, ulio zaidi ya kilomita 760 kutoka Unguja. Alama ya uwanja wetu, ulio karibu na Chake Chake, ni PMA, na ya uwanja wa Abeid Amani Karume wa Unguja ni ZNZ.

Kisha chukua latitudo na longitudo; dakika hapa si za saa, ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja. Uwanja wa Unguja uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini, nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Wa Pemba uko nyuzi 5 na dakika 15 kusini, nyuzi 39 na dakika 49 mashariki. Ukitoa, unabakiwa na dakika 58 za kwenda kaskazini na 36 za kwenda mashariki. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na ikweta, dakika ya longitudo nayo inakaribia urefu huo huo, nafuu ambayo wakaazi wa Ulaya hawana. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata maili 68, takriban kilomita 126. Kwa safari ndefu kama ya Muscat usitumie njia hii, kwa sababu mviringo wa dunia hauruhusu.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan huenda kama maili 170 za baharini kwa saa. Gawa 68 kwa 170, kisha zidisha kwa 60, upate dakika 24 za angani. Upepo nao uhesabiwe: kusi husukuma kutoka nyuma, kaskazi hukabili, na upepo wa maili 15 kwa saa huifanya safari iwe dakika 22 au 26. Ukitaka kuhakiki, kaa dirisha la kushoto na saa mkononi. Mstari ulionyooka unaivuka pwani ya mashariki karibu na Kiwengwa, baada ya dakika saba hivi, na maji yakiwa yametoka huonekana mashamba ya mwani yaliyopangwa safu safu. Mbele yake ni Mnemba, kisiwa kidogo ndani ya pete pana ya mwamba, na baada ya hapo bahari inaiva buluu mpaka Pemba.

Juu ya dakika hizo ongeza kama kumi za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kujipanga kutua. Tiketi ikiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, si saa kumi; kosa hili limewakosesha ndege watu wengi kuliko hesabu yoyote. Kwa hiyo mwambie mwenyeji wako afike saa nne na nusu, kisha mpigie tena unapoitwa kupanda, maana ndege ikichelewa kuondoka, hesabu yote inaanza upya kutoka dakika hiyo.