Kiarabu cha nje ya darasa: hatua za kuanza kutembea Cairo

Miezi minne yangu ya kwanza Misri ilikuwa ya darasani na chumbani tu. Mtihani wa nahau napasua, halafu kwa muuza mkate nanyoosha kidole kama bubu. Mpangilio huu ndio ulionitoa.

Hatua ya 1: Mtaani hakuna fusha (Kiarabu sanifu cha vitabuni). Darasani unasema "uridu" (nataka), mtaani ni "ayiz" (mwanamke "ayza"). "Al-aana" (sasa) inakuwa "dilwa'ti". Herufi jim inatamkwa g, na qaf mara nyingi inamezwa: "qalbi" (moyo wangu) unaisikia "albi". Anza na fusha yako bila haya. Wanaielewa, maana ndiyo lugha ya taarifa ya habari na hotuba. Watakujibu kwa ammiya, yaani Kiarabu cha mtaani, nawe uombe warudie.

Hatua ya 2: Kichunguze Kiswahili chako. Hapa ndipo Waswahili tunapojikwaa zaidi. Kitabu, dakika, hatari, sabuni, hayo tumeyapata bure. Lakini mengine yamebadilika njiani. Ukimwambia mtu "tafaddal" ukidhani unaomba maji, umemkaribisha yeye anywe. Kuomba ni "law samaht" au "min fadlak". Mimi nilimsifu mwalimu kwamba somo lake ni "rakhis", nikimaanisha limeeleweka kwa urahisi. Kumbe nimemwambia ni la bei chee! Alicheka, lakini si mara moja.

Mtego mkubwa ni saa. Mwenzio akisema mkutane "is-saa sab'a" (saa saba kwa hesabu yao), yeye anakuja saa moja jioni. Wewe umefika saa saba mchana, umekaa masaa sita ukimlaumu kwa kutojali miadi.

Hatua ya 3: Chagua sehemu moja, uizoee. Usizunguke mji mzima. Nunua ful (maharage ya kupikwa) na taamiya (bajia zake) kwa mtu yuleyule kila asubuhi, unywe chai kwenye ahwa (mkahawa wa mtaani) ileile. Siku za mwanzo mtasalimiana tu. Wiki ya pili atauliza baba yako anafanya kazi gani, na huo ni mtihani ambao hakuna kitabu kilichokuandaa. Nenda na swali moja tu kichwani, rudi na jibu lake kwenye daftari.

Hatua ya 4: Panda maikrobasi, daladala za huku. Metro, treni ya mjini, ni nzuri, inafanya kazi tangu 1987, ila haikufundishi kitu kwa sababu unaweza kusafiri mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo. Kwenye maikrobasi huna pa kujificha. Unauliza inakoenda, unapokea nauli za walio nyuma na kuzipeleka mbele, unarudisha chenji kwa mwenyewe, na ukitaka kushuka unapaza sauti: "Ala gamb, ya usta!" (pembeni hapo, dereva!) Namba nilizijulia humo.

Hatua ya 5: Soma kuta. Mtaa wa al-Muizz una karne nyingi za maandishi. Simama mbele ya msikiti wa al-Aqmar, wa mwaka 1125, ujaribu kusoma khati ya kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye pembe. Ukishindwa (utashindwa), muulize mzee aliyekaa karibu. Kwa vitabu vya mitumba, shuka kituo cha Attaba uulize Sur al-Azbakiyya, soko la vitabu. Tafuta vya watoto wa shule ya msingi, wala usione aibu.

Hatua ya 6: Pasipoti na iqama (kibali cha ukaazi) viwe sawa kabla ya kutoka nje ya mji. Askari na majengo ya jeshi usipige picha.

Maswali ya wanafunzi wenzetu

*Swali: Naishi Madinat al-Bu'uth (mabweni ya wanafunzi wageni wa al-Azhar), Waswahili tuko wengi, Kiarabu hakipandi. Nihame?*
Usihame, ndugu yangu. Hao ndio watakaokuuguza. Ila chakula cha jioni kula na Mwindonesia au Msenegali. Lugha mnayoshirikiana ni Kiarabu tu, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

*Swali: Kwa sisi wadada je? Nyumbani wananiambia nisitoke.*
Dada, anza na metro. Katikati ya treni kuna mabehewa ya wanawake, na wenzako waliopita wanasema kina mama wa humo wanapiga soga kweli kweli, hata na wageni. Maikrobasi panda mchana, ukae jirani na mwanamke. Anayekuropokea njiani usimjibu, pita.

*Swali: Ustadh wetu anasema ammiya itaharibu fusha.*
Ana hoja, hasa kwa anayesomea sharia. Gawa daftari safu mbili, kila neno la mtaani na ndugu yake wa fusha. Mimi niliandika "ayiz" kwenye insha mara moja tu. Kalamu nyekundu ilipasua karatasi.

*Swali: Nikianza Kiarabu, wananijibu Kiingereza.*
Sema "mish bafham ingilizi" (sielewi Kiingereza), kisha endelea na sentensi yako ulipoishia. Akikazana na Kiingereza chake, mjibu kwa Kiswahili. Atarudi kwenye Kiarabu mwenyewe.