Namna ya kupanga bei ya forfe kwenye kituo cha afya cha Lubumbashi

Forfe ni bei moja kwa ugonjwa mmoja, kuanzia siku mgonjwa anapopokelewa hadi apone: kadi, kuonwa na mwuguzi, maabara na dawa vyote viko ndani. Katika vituo vingi vya Katuba, Kenya au Kampemba, ambazo ni komuni za Lubumbashi, mgonjwa bado analipa kipande kwa kipande. Analipa kadi, anarudi kulipa kipimo, kisha anafika kwenye dirisha la dawa mfuko umekauka. Hapo anaomba "nusu". Amoksisilini ya siku tano inakuwa ya siku mbili, na wiki ijayo mtoto anarudi na kifua kibaya zaidi.

Bei hiyo haitungwi mkutanoni. Inatoka kwenye rejista na kadi za stoku, na kazi ya kuitafuta inachukua siku tatu hivi kwa watu wawili waliokaa na kikokotozi.

Anza na rejista ya wagonjwa. Hesabu wagonjwa wapya tu. Anayerudi kuangaliwa kwa ugonjwa uleule asihesabiwe mara ya pili. Chukua miezi 12. Kama rejista ina mapengo, chukua angalau Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukichukua Juni hadi Agosti peke yake, utapata kikohozi na mafua ya baridi, malaria itaonekana ndogo, na mvua ya Desemba itakuja kuivunja bei yako. Watenge watoto chini ya miaka 5 na wakubwa. Kujifungua na upasuaji mdogo vina forfe zao, usivichanganye humu.

Halafu dawa. Usitumie ordonansi (karatasi za kuandikiwa dawa), tumia kadi za stoku: kilichokuwepo mwanzo wa mwezi, jumlisha kilichoingia, toa kilichobaki. Zidisha kwa bei mliyonunulia kweli, CAMELU (bohari ya dawa muhimu ya Lubumbashi) au kwingine, pamoja na usafiri. Dawa za mipango ya taifa zinazoletwa bure, kama za malaria, kifua kikuu na chanjo, zisiingie kwenye hesabu. Ukiziweka, unamuuzia mgonjwa kitu alichopewa bure. Matumizi mengine ni sabuni, Javel (dawa ya kuua vijidudu), makaa au umeme wa kuchemshia vyombo, rejista, usafiri wa kwenda ofisi kuu ya zoni ya afya, na prime (posho) za wafanyakazi. Hizo prime msizifiche. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, na bei isiyowahesabu itakula dawa kimyakimya.

Tuseme kituo kina wagonjwa wapya 480 kwa mwezi. Dawa zilizotumika ni faranga za Kongo (FC) 1,920,000, yaani 4,000 kwa kila mgonjwa. Matumizi mengine ni 1,440,000, yaani 3,000. Jumla 7,000. Ongeza asilimia 10 kwa dawa zinazoharibika na kwa sababu bei za dawa zinapangwa kwa dola huku ninyi mkipokea faranga: 7,700. Hiyo ndiyo bei ya wastani. Inabidi iingie 3,696,000 kila mwezi.

Sasa igawe. Kati ya hao 480, watoto ni 200. Mkiwawekea 5,000, wanaleta 1,000,000. Kilichobaki, 2,696,000, kigawe kwa wakubwa 280: ni 9,629, weka 10,000. Wakubwa wataleta 2,800,000, na jumla itazidi mahitaji kwa 104,000. Ziada hiyo iandikwe tangu mwanzo kuwa ya wasiojiweza, inatosha watu 13 kwa mwezi kwa bei ya wastani, na majina yachaguliwe na CODESA (kamati ya maendeleo ya eneo la afya) pamoja na RECO (wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani) wanaojua kila parseli (kiwanja cha nyumba), wala si na mwenye kasa (mtunza pesa). Kabla ya kupitisha bei, ipime na mfuko wa unga wa kilo 25. Forfe ya mkubwa ikikaribia mfuko huo, watu watabaki na duka la dawa la kona, na hesabu nzuri haitawaleta.

Sehemu inayoua forfe ni kasa. Kila jioni, kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani, zidisha idadi ya wagonjwa wapya kwa 4,400, yaani ile 4,000 ya dawa pamoja na asilimia 10 yake. Wagonjwa 18 ni 79,200. Pesa hizo ziingie kwenye bahasha ya dawa, zisainiwe na mtunza kasa na mwakilishi wa CODESA, na zisitoke ila kununua dawa. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mwisho wa mwezi prime hazitoshi, bahasha "inakopwa" kwa siku mbili, oda inachelewa, amoksisilini inaisha. Mgonjwa aliyelipa 10,000 anaambiwa akanunue nje. Anaporudi mtaani, habari yake inafika mbali kuliko tangazo lolote la RECO. Heri prime zipungue mwezi huo.

Oda nayo ina mtego wake. Tuseme miezi mitatu mmetumia vidonge 5,400 vya amoksisilini ya miligramu 250. Haraka haraka utasema 1,800 kwa mwezi. Lakini siku 18 kati ya 90 kopo lilikuwa tupu. Gawa 5,400 kwa siku 72, zidisha kwa 30: ni 2,250. Kwa akiba ya miezi mitatu mnahitaji 6,750. Mkiwa na 1,150 kwenye rafu, agizeni 5,600. Mwenye kusahau siku za upungufu anaagiza upungufu mwingine.

Andikeni mapema ugonjwa mmoja unaisha lini. Siku 14 zinafaa: akirudi ndani yake kwa shida ileile, halipi. Mwenye malaria na kuhara kwa pamoja analipa mara moja. Mkuu wa kituo achukue kadi 30 kila mwezi na kuzilinganisha na mwongozo wa matibabu, kwa sababu forfe ina kishawishi chake: ukimpa mgonjwa parasetamoli tu, kituo kinabakiza pesa. Kishawishi kingine ni kutuma hospitali kuu mgonjwa ambaye mngemtibu wenyewe.

Bei ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka kutoka kwenye benchi: "Mtoto chini ya miaka 5: 5,000 FC. Mkubwa: 10,000 FC. Kadi, kipimo na dawa vimo ndani. Usilipe kitu kingine." Sentensi ya mwisho ndiyo inayochukiwa na baadhi ya wafanyakazi, na ndiyo isiyotakiwa kukosekana.

Zoni nzima ianze pamoja. Kituo kimoja kikianza peke yake, wagonjwa wa maeneo jirani watakijaza na stoku ya miezi mitatu itaisha kwa mmoja.

Baada ya miezi sita, hesabuni upya. Kwa eneo la watu 15,000, wagonjwa 480 kwa mwezi ni 0.38 kwa kila mkaaji kwa mwaka. Mkifika 0.5, ni 625 kwa mwezi. Dawa itabaki 4,000 kwa kila mmoja, lakini ile 1,440,000 ikigawanywa kwa 625 inashuka hadi 2,304. Pamoja na ile asilimia 10, wastani unakuwa 6,934, na hapo bei ya mtoto inaweza kushushwa.