Tikiti la Ramadhani: hesabu kwa mwezi, si kwa mvua

Kila mwaka kosa ni lile lile. Mvua ya vuli ikishanyesha, mkulima anatia mbegu shamba zima kwa siku moja, na jirani yake vivyo hivyo. Matikiti yote yanaiva pamoja, yanamiminika soko la Mwanakwerekwe, Unguja, wiki moja, dalali anayanadi kwa bei ya kutupa. Kumi la mwisho la Ramadhani likifika, watu wanatafuta tikiti la kufuturia na hakuna.

Ndugu wakulima, mvua haikwambii watu watanunua lini. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe uliyopandia mwaka jana haikufai tena. Ya 2027 inatazamiwa kuanza karibu na Februari 8, mwezi ukiandama. Anzia hapo, rudi nyuma.

Soma paketi ya mbegu. Nyingi huvunwa kati ya siku 75 na 90. Tuchukue 80. Ligawe shamba vipande vitatu. Cha kwanza tia mbegu Novemba 18, uanze kuvuna Februari 6. Cha pili Novemba 28, kwa kumi la kati. Cha tatu Desemba 8, nacho kitaiva Februari 26, kwa kumi la mwisho. Paketi ikisema 85, rudisha kila tarehe nyuma siku 5.

Na siku 10 ni siku 10! Nawasikia wanaosema, "Tumalize yote leo maadamu kibarua yupo." Kibarua wa siku mbili zaidi hakutii hasara kama rundo la matikiti linalopasuka juani sokoni. Kipande cha tatu kitabeba matunda katika jua la kaskazi; kama kisima hakitoshi, punguza ukubwa wake, usiisogeze tarehe.

Tikiti lililoiva, kikono kilicho karibu nalo kimekauka na upande uliolalia ardhi ni wa manjano. Usikate bichi kwa kukimbilia bei: likishakatwa haliongezi utamu.

Gari na dalali wasisubiri siku ya kuvuna. Matunda yakishafikia ukubwa wa ngumi, bado una wiki kadhaa. Piga simu wakati huo, na umtajie dalali idadi ya kila kipande na tarehe yake, si jumla ya shamba.