Usiku wa Ngome Kongwe: kula wapi, kunywa nini, na lini

Onyesho likitangazwa kuanza saa mbili usiku Ngome Kongwe, hapa mjini Zanzibar, mimi natoka nyumbani Ng'ambo saa kumi na moja alasiri. Wageni wanaonifuata huuliza tunawahi nini. Tunawahi kula. Ukifika pale saa mbili kasoro ukiwa na njaa, utakula kwa pupa, utakula kitu kibaya, kisha utakaa juu ya jiwe saa tatu nzima tumbo likikusumbua. Mtu aliyetunga mashairi na kupanga fidla zake anastahili hadhira iliyoshiba vizuri na kutulia.

Kwa asiyepajua: Ngome Kongwe ni ile ngome ya mawe iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, ubavuni mwa jumba la kale la Beit el Ajaib. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, na huko ndiko tunakotazama taarab, ngoma, michezo ya jukwaani, na tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari. Ukitoka mlangoni na kuvuka barabara moja, uko Forodhani, bustani ya pwani ambako meza za chakula hupangwa kila jioni. Umbali ni wa kuimba ubeti mmoja.

Kabla ya chochote, vunja pesa. Nataka mkobani mwangu ziwemo noti za elfu moja na elfu mbili, zikiwa nyingi. Muuza miwa hana chenji ya noti ya elfu kumi saa kumi na mbili jioni, na wewe hutaki kusimama ukingoja kijana akimbie meza tano kukutafutia. Isitoshe, kama usiku ni wa taarab, noti hizo ndizo utakazomtunza nazo mwimbaji. Wimbo ukikuingia, unainuka, unakwenda kwa madaha, unampa mkononi au unamwekea, unarudi kukaa. Huwezi kuinuka na noti moja kubwa kisha ukabaki mikono mitupu nyimbo zote zilizosalia.

Chakula changu cha kwanza ni urojo, na sili wa bustanini. Wa mitaani ni bora: mama ameweka meza mbele ya mlango wake, sufuria iko juu ya jiko la makaa, na majirani wamepanga mabakuli. Mchuzi wenyewe ni unga, bizari ya manjano, na uchachu wa embe mbichi au ndimu, mzito kiasi cha kukamata kijiko. Humo hutiwa viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, kipande cha mshikaki, yai ukitaka, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa muhogo mkavu wa kukaanga unaovunjikavunjika. Huo muhogo mwambie autie mwisho, nawe uule haraka, maana ukilowa umeharibika. Watu wa bara huita chakula hiki "mix", nasi tunawaelewa.

Jambo ambalo hakuna anayekwambia: urojo ni maji. Bakuli kubwa la saa moja usiku litakuinua kwenye kiti katikati ya wimbo wa tatu, na kushuka zile ngazi za mawe gizani huku unawapita watu magotini si adabu kwao wala kwa aliye jukwaani. Ndiyo maana naula saa kumi na moja na nusu, bakuli dogo. Nasema tu, "Mama, nitilie kidogo, pilipili mbali." Pilipili yake naionja kwanza kwa ncha ya kijiko.

Hapo muda umebaki wa kununua halua. Maduka hayakungoji mpaka onyesho liishe, kwa hiyo inunue mapema, ile ya kikapu kidogo cha ukindu, uibebe mkobani. Nitakwambia baadaye kwa nini nimekutuma.

Magharibi ikiadhiniwa, Forodhani hutulia kidogo. Anayeswali anakwenda kuswali. Asiyeswali asimame ukutani awatazame vijana wanaojirusha baharini, jua likizama upande wa bara. Meza zinawashwa taa. Nilipokuwa mdogo zilikuwa karabai na vibatari, na bustani yenyewe ilikuwa imechakaa. Tangu ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009 imekuwa safi, na njia zake zinapitika hata kwa bibi mwenye bakora.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wanapokosea. Zile meza za mishikaki ya pweza, ngisi, kamba na samaki zimepangwa zikapangika, zinang'aa kwa mafuta, na kijana atakuita "dada karibu, karibu shangazi" mpaka uone haya kupita. Miaka kadhaa nyuma nilimleta shangazi yangu kutoka Pemba kumsikiliza mwimbaji aliyempenda tangu ujana wake. Tukala ngisi kwenye meza moja, amepashwa moto tu, wala hakuchomwa mbele yetu. Shangazi hakufika nusu ya onyesho. Nilimtoa pale akiwa ameshika tumbo, na mwimbaji wake alikuwa hajapanda jukwaani. Shangazi hakupata kumsikia tena, na jambo hilo bado linanichoma.

Tangu hapo sheria yangu ni hii. Kabla ya onyesho sili vya baharini kabisa. Baada ya onyesho nikila, natazama makaa kwanza, halafu kitoweo. Kibichi kikiwekwa motoni mbele yangu, nakula. Kikiwa kimeshaiva na kinasubiri, naaga kwa upole. Na bei naiuliza kabla mkono wa muuzaji haujagusa sahani, kwa kila mshikaki, na kwa mkate pia.

Kinywaji cha kabla ya kuingia ni juisi ya miwa. Mwambie apitishe ndimu na kipande cha tangawizi pamoja na muwa kwenye mashine, naye atakunja miwa mara ya pili na ya tatu mpaka itoke makapi. Kunywa papo hapo ukiwa umesimama, glasi moja. Ikikaa inageuka rangi na ladha. Anayetaka bia au mvinyo ataipata kwenye hoteli za Shangani, mathalani Africa House, ambayo zamani ilikuwa klabu ya Waingereza, na baraza yake inatazama machweo. Ila arudi mapema, na avae nguo ya heshima akipita mitaani, hapa watu wametoka msikitini.

Osha mikono. Nasema hili kwa uzito kwa sababu mishikaki ina mafuta na utakaa karibu na watu waliojifukiza udi na kuvaa nguo zao nzuri. Chukua kanga ya pili ya kukalia, jiwe lile hunyonya baridi usiku. Msimu wa masika beba na mwavuli, ukumbi hauna paa.

Onyesho likiisha, njaa ya kweli inakuja, na sasa unaweza kula bila hesabu. Kama limeisha mapema, rudi Forodhani kwa pizza ya Zanzibar. Jina lisikupoteze: ni donge la unga linalotandazwa kwa viganja mpaka likaribie kuonekana upande wa pili, likatiwa nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga na yai, likakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya bamba. Ni ndugu wa mkate mayai wa Mombasa. Watoto watataka ya ndizi na chokoleti, wape. Kama limechelewa, tunatembea hadi Darajani kwenye mishikaki ya ng'ombe, chipsi na kuku. Anayetaka wali wa kukaa mezani, biriani au samaki wa nazi, aende mkahawa wa Lukmaan kule Mkunazini, chini ya mbuyu, lakini aende kabla ya onyesho, jioni mapema, wala si baada yake.

Mimi ninachokingojea ni kahawa. Kule Jaws Corner, mtaa wa Sokomuhogo, wazee wanacheza dhumna na bao barazani na dele, birika la kahawa, liko juu ya makaa. Baraza ile ni ya wanaume kwa desturi, nami sina ugomvi nayo. Namtuma mpwa wangu na chupa ya chai: "Mwambie ami atie kahawa chungu, ya watu wanne." Sisi wanawake tunakaa kwenye ukuta wa Forodhani, upepo wa bahari umeshapoa, tunatoa ile halua mkobani. Kahawa haina sukari hata chembe, na ndiyo maana nilikutuma halua. Unang'ata kidogo, unapiga funda, halafu mtu anaanza kuurudia ule ubeti uliotufanya tuinuke, mwingine anamsahihisha neno, tunabishana mafumbo yale yalimlenga nani.

Zungumza na dereva wa teksi tangu jioni, umwambie aje saa sita. Daladala wakati huo ni za kubahatisha. Na halua usiimalize yote. Nyumbani yupo mama ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda zile ngazi, naye huwa hajalala.