SOMO: Wahusika wafe mara ngapi? Panga kabla ya kikao cha kwanza

Wakuu, habari zenu.

Haipiti wiki sijaulizwa kuhusu michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, ambapo kampeni ni hadithi moja ya vikao vingi: "Naendesha kampeni yangu ya kwanza, mhusika mmoja kafa, ni kawaida?" Siku mbili baadaye anakuja mwingine: "Tumecheza miezi minane hajafa mtu, nakosea wapi?" Nimewajibu wote, mmoja mmoja, hadi vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja tu. Nikiulizwa tena nabandika kiungo cha hapa, msinione nina dharau.

Nafuata Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, maana ndizo wengi mnazo. Mwenye mchezo mwingine atabadilisha hesabu, hatua ni zilezile. Anayeendesha mchezo nitamwita msimulizi.

HATUA YA 1: Jua kanuni zako zinauaje.
Kwenye kanuni za msingi za mchezo huu za 1981, pointi za uhai zikifika 0 umekufa, hadithi imeisha. Mchawi wa levo ya 1 alianza na dadu moja la pande 4, kwa hiyo, ukiacha nyongeza ya siha, mchawi mmoja kati ya wanne aliingia pangoni na pointi 1. Panya akimng'ata, kwaheri. Kwenye toleo la tatu la mwaka 2000 mstari ulikuwa hasi 10. Toleo la tano linatumia dadu za kifo: ukifika 0 unazimia, kila zamu unarusha dadu la pande 20, 10 na kuendelea ni salama, chini ya hapo ni kosa. Salama tatu umetulia, makosa matatu umekufa. Ukipata 1 inahesabiwa makosa mawili, ukipata 20 unaamka na pointi 1. Kwa hiyo mzee wa 1981 akikwambia "sisi tulikuwa tunakufa kila kikao", hadanganyi. Alikuwa anacheza mchezo mwingine.

HATUA YA 2: Waulize wachezaji. Kwa mdomo, wote wakiwepo, kabla hawajaandika wahusika.

HATUA YA 3: Kubalianeni idadi. Sijali ni sifuri, mmoja kwa kampeni, au mmoja kila kikao. Hakuna idadi sahihi.

HATUA YA 4: Amua nani anampiga aliyeanguka.
Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi mnaharibu huku mkimlaumu dragoni. Vifo haviletwi na ukubwa wa jini (namaanisha kiumbe adui yeyote) peke yake. Vinaletwa na kile unachofanya wewe msimulizi baada ya mtu kuanguka.

Tazameni hesabu. Mhusika ameanguka, hajaguswa tena, hakuna wa kumtibu: uwezekano wa kufa ni asilimia 40 na kidogo. Akiwa tayari na kosa moja, 58. Akiwa na makosa mawili, karibu 79. Sasa kanuni inasema aliyezimia akipatwa na pigo kutoka ndani ya futi 5, hilo ni pigo kuu (lenye madadu ya madhara maradufu) moja kwa moja, na pigo kuu kwa aliye kwenye 0 ni makosa mawili. Yaani goblini mmoja, yule mdogo wa kuokotwa njiani, akimchoma mtu aliyelala anamtoa kwenye 40 hadi 79 kwa kisu kimoja. Jini lenye mashambulizi mawili kwa zamu, yote yakimpata, limeshamuua kabla rafiki yake hajapata zamu ya kuinua mkono.

Mimi nilikuwa na orki, jini la shoka. Mchezaji wangu alikuwa amekuja na historia ya mhusika kurasa nane, mpaka jina la bibi yake lilikuwemo. Kikao cha tatu akaanguka, kuhani, yule mtibu wa kundi, alikuwa anafuata kwa zamu, nami nikasema kwa fahari kabisa: "Orki hana huruma, anamalizia." Akampata mara moja, akarudia zamu iliyofuata kwa sababu kuhani alikuwa amebanwa. Mtu akakaa saa mbili anachora maua pembezoni mwa karatasi yake. Sikuwa nimevunja kanuni yoyote. Nilikuwa nimevunja kitu ambacho hatukuwahi kukubaliana, maana mezani kila mtu aliamini aliyeanguka haguswi.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Kwa kujutia, kikao kilichofuata nilianza kuficha madadu yangu nyuma ya ubao na kupunguza madhara kimyakimya. Wiki ya pili wakagundua, kwa sababu mapigo yangu yalikuwa yanaishia pointi moja kabla ya mtu kuanguka, kila mara, kama yamepimwa kwa rula. Tangu hapo hakuna aliyeogopa chochote. Mpiganaji alikuwa anaingia mashimoni huku anasinzia.

Kwa hiyo:
– Sema wazi ni viumbe gani humalizia. Mimi: wenye njaa humburuta na kumla, wenye akili humalizia wakishaona kuna mganga, wengine wote humwacha na kumrukia aliyesimama.
– Jini likitaka kumalizia, tangaza zamu moja kabla. "Fisi anainusa shingo yake." Wapewe nafasi ya kufanya kitu.
– Madadu ya mashambulizi yarushwe mbele ya watu. Ukitaka kumwokoa mtu, okoa kwa hadithi (maadui wanamteka, daraja linakatika), usiokoe kwa kudanganya namba.
– Usibadilishe katikati ya pambano. KAMWE.

HATUA YA 5: Panga bei ya kurudi.
Kuhani wa levo ya 5 anaweza kumfufua aliyekufa ndani ya dakika 1, kwa almasi za sarafu 300 za dhahabu. Wa levo ya 9 anamrudisha aliyekufa ndani ya siku 10, kwa almasi ya sarafu 500, na anayerudi anakuwa na upungufu wa 4 kwenye madadu yake unaopungua moja kila usingizi mrefu. Almasi inaliwa na uchawi. Ukizigawa kama karanga, kifo kinakuwa ada ndogo ya kulipia. Usipozitoa kabisa, kufa ni kufa. Amua.

HATUA YA 6: Kila mchezaji awe na mhusika wa akiba, karatasi imejazwa.

HATUA YA 7: Levo ya 1 na ya 2 punguza moto.
Mchawi mwenye siha nzuri ana pointi 8. Shoka la orki ni dadu la pande 12 kujumlisha 3. Likitua pigo kuu, madadu yanakuwa mawili, na zaidi ya nusu ya mapigo hayo yanafika 16 au kuzidi. 16 kwa mwenye 8 ni kifo cha papo hapo, hakuna hata dadu la kifo, kwa sababu madhara yaliyobaki baada ya 0 yamefikia jumla ya uhai wake. Wapeni goblini kwanza, jamani.

Maswali karibuni.

———

Dadu_Bovu: Mkuu somo zuri sana, ila hujasema. Kwa wastani wafe mara ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Dadu_Bovu: Nimeisoma, lakini wewe binafsi ungeweka ngapi?

Mwandishi: Binafsi ni mezani kwangu, na wewe hukai mezani kwangu. Waulize wako.

Kobe_Mpole: Samahani mwalimu, hizo 40, 58 na 79 umezipataje? Nilidhani ni nusu kwa nusu kwa kuwa dadu linagawanyika 10.

Mwandishi: Swali zuri, kaa hapa. Kwanza haligawanyiki nusu. Kufeli ni 1 hadi 9, namba tisa, sawa na asilimia 45. Pili, kuna zile namba mbili za pembeni: 1 inakupa makosa mawili, 20 inakuamsha hapohapo. Anza mwisho urudi nyuma. Mwenye salama mbili na makosa mawili anakufa kwa 45 tu, maana dadu moja linaamua. Mwenye salama mbili na kosa moja anakufa kwa 1 (asilimia 5), au akipata 2 hadi 9 (asilimia 40) kisha akafeli tena kwa 45. Hiyo ni 5 kujumlisha 18, yaani 23. Endelea hivyo chumba kwa chumba, viko tisa, utafika mwanzo ukute 40.5. Chora jedwali la tatu kwa tatu, nusu saa inatosha. Ukikwama niandikie, nitakutazamia ulipopotea.

Kobe_Mpole: Nimefika! 40.4875. Asante sana. Kumbe pigo moja kwa aliyelala ni kama kumrusha safu mbili mbele kwenye jedwali.

Mwandishi: Umelielewa kuliko nilivyoliandika.

Panga_Butu: Hii yote ni kubembeleza watu. Mchezo bila kifo ni hadithi za watoto. Sisi tunaua tu, wakilia watoke.

Mwandishi: Soma tena, hakuna mahali nimesema msiue. Hatua ya 3 imeruhusu hata mmoja kila kikao. Nimesema semeni kabla. Kama wachezaji wako waliambiwa na wakaja, tuna ugomvi gani?

Panga_Butu: Hawakuambiwa ila wanajua.

Mwandishi: Sawa.

Bi_Kizimba: Mimi wangu hawafi kabisa, kuhani ana lile neno la uponyaji la levo ya 1, analitupa kwa mbali, mtu anaamka na pointi 3, anaanguka, anaamka. Kama mpira. Sina ugomvi na kuishi kwao ila inachekesha.

Mwandishi: Dada, huo ni ugonjwa wa toleo lenyewe, makosa yanafutika mara tu mtu akipata hata pointi 1. Tiba niliyoipenda imetoka mchezo mwingine, Pathfinder toleo la pili la 2019: ukiinuka kutoka kufani unabaki na alama ya jeraha, na ukianguka tena unaanza karibu zaidi na kifo, kwa kiasi cha alama zako. Mimi nimeirahisisha: makosa ya dadu za kifo hayafutiki hadi usingizi mrefu. Wajulishe kabla, lakini, isije ikawa orki wangu wa pili.

Bi_Kizimba: Nitaijaribu. Na aliyekufa anafanya nini kusubiri kikao kiishe? Nimeona ukisema saa mbili za maua.

Mwandishi: Mpe majini ayaendeshe. Atawapiga wenzake kwa uchungu ambao wewe huna.

mganga_levo1: Kuna mchezo niliwahi kusikia mtu anakufa wakati wa kumtengeneza mhusika, ni kweli au utani?

Mwandishi: Kweli. Traveller ya 1977. Unarushia dadu miaka ya kazi ya mhusika, ukikosa dadu la kunusurika, amekufa kabla hujaanza kucheza. Na Dungeon Crawl Classics kila mchezaji anaanza na wanakijiji kadhaa wa levo 0, wenye pointi 1 hadi 4 ukiacha nyongeza ya siha, wanaingizwa shimoni, atakayetoka hai ndiye mhusika wako. Huko kufa ni mlango wa kuingilia. Na Paranoia ya 1984 unapewa nakala sita za mhusika mmoja, akifa inaletwa inayofuata.

Dadu_Bovu: Kwa hiyo sita ndiyo idadi sahihi?

Mwandishi: Ndugu yangu.

Kobe_Mpole: Swali la mwisho, hatua ya 5. Almasi mbili za sarafu 150 zinafaa kwa ule uchawi wa dakika 1?

Mwandishi: Kwa kanuni za 2014 zinafaa, uchawi ule umeandikwa almasi kwa wingi, jumla 300. Ule wa siku 10 unataka almasi moja yenye thamani ya 500, ndogondogo hazikubaliki. Kwa hiyo wakiokota kubwa, wasiikate.