Mwezi mpevu juu ya ufukwe: unganisha picha mbili

Mwezi mpevu ukishapanda kidogo juu ya bahari, tuseme pale Bagamoyo, kamera haiwezi kunasa kwa picha moja madoa ya uso wake pamoja na ngalawa zilizovutwa mchangani gizani. Ifunge kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kisha piga picha ya mwezi, ukianzia sekunde 1/125, tundu la lenzi f/8 na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100 (ukiwa bado mwekundu karibu na upeo, ongeza mwanga), na papo hapo upige ya pili, ya sekunde kadhaa, kwa ajili ya ufukwe. Usikawie, kwani mwezi husogea takriban upana wake kila dakika 2. Kwenye kompyuta, ziunganishe kwa brashi laini ukingoni mwa mwezi, na tafadhali usiukuze.